Tiyo nne za freni za gari la baba

Bamama wenzangu, nilikuwa nimeahidi kuandika juu ya mitihani ya mwisho wa mwaka, na nitaandika. Lakini kuna habari yangu inayotembea sokoni, na kila anayeibeba anaiongezea chumvi yake. Nimesikia kwamba gari langu lilipinduka. Nimesikia pia kwamba niliwaacha watoto barabarani nikakimbia. Heri muisome kutoka kwangu mwenyewe, hata zile sehemu zinazonitia haya, maana ndizo nyingi.

Gari mnalijua. Ni lile Volkswagen Coccinelle la rangi ya maziwa ambalo watoto wa kartie wanaliita kobe. Lilitengenezwa mwaka 1965. Baba alilinunua mwaka 1974, wakati wageni wengi walipokuwa wanauza vitu vyao na kuondoka, baada ya ule uamuzi wa mwezi wa 11 mwaka 1973 wa kuziweka biashara zao mikononi mwa wananchi. Baba alilitunza kama mtu anavyotunza ng'ombe wa mahari. Alipofariki, ndugu zangu walitaka liuzwe kama vyuma vikuukuu. Mama akasema ufunguo utabaki kwa yule aliyekuwa anamshikia baba taa wakati wa kulitengeneza. Ni mimi huyo. Ninakumbuka harufu ya esansi na sauti yake chini ya gari: «Juu kidogo. Juu kidogo tena.»

Tunaishi juu, upande wa Kadutu, na shule ninapofundisha iko chini, upande wa Ibanda. Asiyeijua Bukavu ajue kwamba kwetu hakuna mahali unapokwenda bila kupanda au kushuka. Wanangu wawili wanasoma hapo hapo. Zamani tulikuwa tunapanda moto, sisi watatu nyuma ya dereva mmoja, mvua ikitupiga usoni. Nilipoanza kuendesha kobe, mama watatu wa jirani wakaniomba niwachukulie watoto wao pia, kila mmoja mtoto mmoja. Tukapatana: kila mama atoe franga 5.000 kwa juma kusaidia esansi. Watoto watano na mimi, na mifuko yao yote mbele, maana gari lile lina motere nyuma na sanduku mbele.

Mwezi wa tatu, mvua zilipozidi, nikaona jambo. Nikikanyaga freni, gari linavuta mkono wa kuume. Mwanzoni ilikuwa kidogo tu, kama mtoto anayekuvuta kikwembe. Halafu hata nikiisha kuondoa mguu, gari likaendelea kuvuta, kama limesahau kuachia. Siku moja nilipofika shuleni nikasikia harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Nikapeleka mkono karibu na gurudumu la mbele la kuume. Joto likanipiga kabla sijaligusa.

Nikaenda kwa fundi mmoja kijana mwenye garaji kando ya barabara. Jina lake halina kazi hapa. Akafungua tamburi, yaani lile sufuria la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake kuna vipande viwili vya chuma vilivyopinda kama mwezi mchanga. Ukikanyaga freni vinatanuka na kushika sufuria kwa ndani, ukiachia, risori zinavirudisha. Kobe langu lina freni za namna hiyo magurudumu yote manne. Fundi akasema risori imechoka. Akaibadili, akachukua dola 15. Siku mbili zikawa nzuri. Siku ya tatu, pasi ikarudi juu ya nguo. Nikamrudia. Safari hii akalegeza vile vipande ili vikae mbali na sufuria, akachukua tena dola 15. Ikawa mbaya zaidi: pedali ikawa inashuka sana kabla ya kushika, na kuume kukavuta vile vile.

Sasa ndiyo sehemu ya haya. Kwa majuma matatu nilijua. Kila asubuhi niliwapokea wale watoto watatu mlangoni, nikawasalimia mama zao. Kila Jumatatu nilipokea 5.000 za kila mmoja, nikasema asante. Hesabu yangu ilikuwa hivi: nikisema, wataondoa watoto, wakiondoa watoto, esansi itanishinda, ikinishinda, gari litalala na wanangu watarudi juu ya moto. Mshahara wa mwalimu mnaujua, sina haja ya kuueleza. Nikajiambia nitashuka polepole, mwisho wa mwezi nitatafuta fundi mwingine. Tena kuna jambo la kuchekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka: katika majuma yale yale nilikuwa ninafundisha darasani kanuni ya Pascal. Nilikuwa nimeunganisha sirenge mbili kwa kamrija ka serumu, nimezijaza maji. Ukisukuma moja, nyingine inatoka. Nikawaambia wanafunzi: «Hivi ndivyo freni ya gari inavyofanya kazi.» Wakaandika.

Ilikuwa Jumanne, mvua ya usiku ilikuwa imeacha matope kwenye mteremko. Mama mmoja kati ya wale wanaobeba mizigo mgongoni kwa kamba ya kipaji cha uso alivuka mbele yetu, ameinama, gunia limemfunika hata asione. Nikakanyaga kwa nguvu. Gari halikusimama mbele yake, liligeuka. Volani ilinitoka mikononi, tukaenda kuume, gurudumu likaingia kwenye kanivo, na pembe ya gari ikapiga meza ya mama aliyekuwa anauza sambaza.

Hakuna aliyeumia. Ninaandika tena kwa ajili ya wale wa sokoni: hakuna aliyeumia, na gari halikupinduka. Mama wa gunia aliendelea na njia yake, sijui hata kama alijua. Lakini beseni ya sambaza ilimwagika yote kwenye maji machafu, zikawa zinametameta pale kama vipande vya kioo. Watoto walinyamaza. Yule mdogo kuliko wote aliuliza: «Mwalimu, tumefika?»

Muuza sambaza hakunitukana. Aliniangalia tu, akachuchumaa akaanza kuokota moja moja. Ningependa angenitukana. Beseni yake ilikuwa na thamani ya franga 30.000, na mkononi nilikuwa na 8.000. Nikampa, nikaandika namba yake ya simu mbele ya watu, nikaahidi. Vijana sita wakainua kobe kutoka kanivo. Gari lile halifiki kilo 800, ndiyo uzuri wake. Tukaenda shule kwa miguu, mimi mbele, wao nyuma, kama bata.

Jioni mama wa mtoto mmoja alikuja. Hakuketi.

— Mwalimu, banasema leo gari ilitaka kuuwa batoto. Ni kweli?

— Ni kweli, mama.

— Ulikuwa unajua freni iko mubaya?

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ilikuwa rahisi kusema: freni ni chuma, imeharibika leo. Angeamini, nani angejua? Nikasema nilikuwa ninajua.

— Tangu lini?

— Majuma matatu.

Akafikiri kidogo, ninaona alikuwa anahesabu. «Siku tano, siku tano, siku tano. Mara kumi na tano umeshuka na mutoto wangu pale. Na franga yangu ulikuwa unakamata.» Akamchukua mtoto wake mkono, ingawa mtoto alikuwa anacheza tu na wangu uani, akaenda zake. Usiku ule ule nikatembea kwa wale mama wengine wawili, nikawaambia kabla hawajasikia kwa mwingine. Mmoja alisema tumshukuru Mungu, akanipa chai. Mwingine aliuliza swali moja tu: kulitengeneza ni franga ngapi? Nikamwambia hata sijui ugonjwa wenyewe. Ndiyo akaniambia baba mkwe wake alikuwa makanika kwa miaka mingi kwenye garaji ya misheni, na kwamba macho yamechoka lakini mikono bado inaona.

Mzee alikuja kwa miguu siku ya pili, na kofia yake ya sufi. Nikamwamkia, nikamletea kiti, akakikataa. Akaomba kriki. Gari lilipoinuliwa akaniambia nikanyage freni mara tatu kisha niachie. Akajaribu kuzungusha gurudumu la mbele la kuume: halikuzunguka. Magurudumu mengine matatu yalizunguka bila shida. Akaniuliza:

— Mwalimu, unafundisha nini?

— Fizikia, mzee.

— Basi angalia, utaniambia wewe.

Kutoka kwenye pedali mafuta ya freni yanasukumwa ndani ya tiyo nyembamba za chuma zilizofungwa kwenye mwili wa gari. Lakini gurudumu linapanda na kushuka, na la mbele linageuka pia, kwa hiyo tiyo ya chuma haiwezi kufika mpaka kwenye gurudumu, ingevunjika. Pale pa mwisho panawekwa tiyo ya mpira, ndefu kama mkono wa mtoto, ambayo mafundi wanaiita fleksibo. Coccinelle inazo nne, kila gurudumu na yake. Mzee akalegeza kwanza nati ya juu, pale chuma inapokutana na mpira. Tone moja likatoka. Gurudumu bado limeshikwa. Akaikaza. Akaja chini, kwenye kaskurubu kadogo kaliko nyuma ya gurudumu, akakafungua. Mafuta yakaruka kama mate ya nyoka, na gurudumu likaachia pale pale, likazunguka lenyewe.

Akaniangalia. Nikasema: «Nguvu ilikuwa imefungwa kati ya juu na chini.»

— Kati kuna nini?

— Mpira tu.

— Aa, sasa umefundisha, akasema.

Ningeweza kuona hilo tangu siku ya kwanza. Kama kosa lingekuwa kwenye pampu kubwa iliyo karibu na pedali, magurudumu yote manne yangeshikwa, maana yote yanakunywa kwenye chungu kimoja. Kama lingekuwa risori, kufungua mafuta kusingeliachia gurudumu. Fundi kijana hakuwa mwizi, ninafikiri. Alitazama pale panapotoa moshi.

Mzee alitoa ule mpira, akaupasua kwa kisu kwa urefu, akanipa. Ninao hapa mezani ninapoandika. Kwa nje ungesema ni mzima: mweusi, una nyufa nyembamba kama ngozi ya kisigino wakati wa kiangazi, basi. Kwa ndani umevimba mpaka njia imefungwa. Nilijaribu kupitisha sindano ya kushonea, ikakwama. Mguu wa mtu una nguvu ya kusukuma mafuta yapite kwa lazima pale. Lakini mguu ukiondoka, kinachoyarudisha ni risori peke yake, nayo haina nguvu hiyo. Mafuta yanabaki upande wa gurudumu, freni inabaki imeshika, chuma inasugua chuma, joto linapanda. Nikafungua daftari la baba, alikuwa anaandika kila kitu. Tiyo za freni: zilibadilishwa mwaka 1996. Wanafunzi wangu wote ni wadogo kuliko mpira ule.

Nikamuuliza mzee kama tunaweza kubadili huo mmoja tu, kwa sababu ya franga. Akaniita chini ya gari, akakunja mpira wa nyuma wa kushoto mbele ya taa ya simu. Nyufa zikafunguka kama midomo, na ndani yake nikaona nyuzi. «Huu hautaziba», akasema, «huu utapasuka.» Na hapo akanieleza kitu ambacho kiliniondolea usingizi kuliko hata kanivo. Magari ya siku hizi yana njia mbili za mafuta ya freni. Moja ikikatika, nyingine inabaki na magurudumu yake. Kobe la mwaka 1965 lina njia moja. Mpira mmoja ukipasuka, mafuta yanatoka hapo yote, pedali inashuka mpaka chini na magurudumu manne yanakosa freni kwa mara moja. Inayobaki ni freni ya mkono tu, kwa sababu yenyewe inavuta kwa kamba ya chuma, haitumii mafuta. Kwa majuma matatu nilikuwa ninaogopa gari kuvuta kuume. Sikuogopa kile kilichokuwa nyuma kushoto, maana hakikunisumbua.

Basi ni nne. Maduka ya vipuri hapa yamejaa vitu vya Toyota, na vya Coccinelle ukiuliza wanakucheka. Lakini gari hili halikufa duniani kama tunavyofikiri. Mexico waliendelea kulitengeneza mpaka mwaka 2003, na Ulaya watu wengi wanayatunza ya zamani, kwa hiyo vipuri vinauzwa mpaka leo. Shemeji yangu yuko Ubelgiji, ambako wakati wake walikuwa wanaunganisha Coccinelle hizi Bruxelles kwenyewe. Nikamtumia mwaka wa gari, namba ya shasi, na picha za mipira minne na rula kando yake, kwa sababu ya mbele na ya nyuma haina urefu sawa. Mzee akasisitiza jambo moja: atazame tarehe iliyoandikwa kwenye mpira. Mpira uliolala dukani miaka kumi umezeeka hata kama haujaona gari. Zote nne zikawa dola 44. Zilikuja katika mfuko wa mtu aliyepitia Kigali, zikavuka Ruzizi.

Dola 44, na chupa mbili za mafuta ya freni dola 12, na mzee nikampa 20 ingawa alitaka 10. Na 22.000 za sambaza. Nilimwomba dada mmoja wa likelemba yetu tubadilishane zamu, mimi nikamate ya mwezi wa nne, yeye akamate yangu ya mwezi wa sita. Alikubali bila kuuliza. Muuza sambaza nilimlipa mara mbili, kumi na moja kisha kumi na moja. Mara ya pili akanifungia sambaza kidogo kwenye karatasi, ninyi mnajua namna hiyo ya kusamehe.

Kwa mwezi mzima na siku kadhaa tulitembea. Gari lilikuwa juu ya mawe uani, kuku wakataga chini yake.

Kazi yenyewe ilichukua Jumamosi moja, lakini ilianza Ijumaa jioni. Mzee alimwagia nati zote mafuta ya kulainisha kutu, akaziacha zilale nayo. Nati ya freni ya Volkswagen inataka kle ya 11, na tena si ile iliyo wazi mdomo mzima. Mzee ana moja inayokumbatia nati karibu pande zote. Kle ya kawaida inakula pembe za nati, nati inazunguka pamoja na tiyo ya chuma, tiyo inajikunja kama kitambaa kilichokamuliwa, basi umeongeza gharama. Hata hivyo ya nyuma kuume ilitukatalia mpaka saa tano. Mpira mpya unafungwa bila kuupindapinda. Ikiisha, unageuza volani mpaka mwisho wa kuume, halafu mpaka mwisho wa kushoto, huku mtu anatazama chini kama mpira unagusa kitu. Ukigusa, utajisugua kila siku mpaka utoboke.

Mambo mawili ninayaandika kwa ajili yenu hasa, hata ninyi msio na gari, maana wengi mna waume, watoto au mashemeji wanaofanya kazi garaji. La kwanza: vumbi jeusi linalokuwa ndani ya tamburi. Freni za zamani zilikuwa na amianti, na vumbi la amianti ni adui wa mapafu, linalala humo miaka na miaka. Lisipulizwe kwa mdomo, wala kwa hewa ya pampu. Mzee alilipangusa kwa kitambaa kilicholowa, akakitupa. Na nguo za garaji zisifuliwe katika beseni moja na nguo za mtoto. La pili: mafuta ya freni ni sumu. Yaliyobaki tulikuwa tumeyaweka katika chupa ya maji ya kunywa, rangi yake ni kama chai nyepesi. Nilimkuta mdogo wangu wa miaka minne ameishika, anafungua kifuniko. Sasa iko juu ya kabati, katika chupa yake ya dukani, yenye jina lake. Chupa hiyo ikikaa wazi inavuta unyevu wa hewa na kuharibika, kwa hiyo kuiweka muda mrefu ni bure tu.

Wakati wa kuondoa hewa ndipo yule mama aliyemtoa mtoto wake alipotokea. Alisimama mlangoni pa uwanja na kikapu chake, anatoka sokoni. Alisema ameona mlango wazi. Mzee hakuwa na habari ya mambo yetu, au alikuwa nayo. Akasema: «Mama, usisimame bure. Ingia ndani, ukanyage.» Akaweka kikapu chini, akavua viatu vya tope, akaketi kwenye kiti cha dereva.

Ni hivi. Ukifungua tiyo, hewa inaingia. Maji na mafuta havikandamizwi, lakini hewa inakandamizwa; kukiwa na hewa ndani, unakanyaga na pedali inakuwa laini kama godoro, nguvu haifiki. Inabidi kuitoa. Unaanzia gurudumu lililo mbali kuliko yote na pampu, yaani nyuma kuume, halafu nyuma kushoto, mbele kuume, mbele kushoto. Unaweka kamrija kwenye kale kaskurubu, mwisho wake ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. Mzee anasema «Kanyaga!», mama anakanyaga. «Shikilia!» Mzee anafungua, mapovu yanatoka. Anafunga. «Achia!» Akikosea akaachia kabla haijafungwa, hewa inarudi ndani yote. Mimi kazi yangu ilikuwa kutazama chungu cha mafuta mbele, nyuma ya gurudumu la akiba, na kuongeza kabla hakijashuka. Kazi rahisi. Lakini nilikuwa nimeinama kutazama mapovu, ninayapenda, ni kama ile sirenge, nikasahau chungu. Kikakauka. Mzee akasikia kwa sikio tu pedali ilivyobadilika.

— Mwalimu! Umetunywesha hewa!

Tukaanza upya kutoka nyuma kuume. Mama yule hakusema neno, lakini nilimwona kwenye kioo, anacheka kwa mabega.

Tulipomaliza, pedali ilisimama juu, ngumu, haishuki hata ukiishikilia muda mrefu. Mzee akakaza vile vipande vya ndani ya tamburi ambavyo kijana alikuwa amevilegeza, gurudumu moja moja, mpaka vinagusa kidogo, halafu akarudisha nyuma kidogo. Tukaenda kujaribu pale panapolingana, bila mtoto ndani. Kwanza polepole sana. Niliishika volani kwa vidole tu, nikakanyaga: likasimama sawa, pua mbele. Halafu mbio zaidi. Halafu mteremko mdogo, kwa vitesi ya pili, na freni ya mkono peke yake kuona kama inashika. Tuliporudi mzee akazunguka gari akigusa tamburi zote nne kwa mgongo wa mkono, kama mama anayetafuta homa. Zote zilikuwa na vuguvugu moja.

Tangu siku ile, Jumamosi asubuhi ninatazama chungu cha mafuta na ninalala chini na taa kuangalia mipira. Mwanangu wa kike ndiye anayeshika taa. Daftari la baba lina mstari mpya. Na nimewaandikia wale mama karatasi yenye namba ya mzee, ili wakitaka kuuliza hali ya gari wamuulize yeye, wasiniulize mimi.

Mama wawili walirudisha watoto Jumatatu. Wa tatu sikumwomba, niliona sina mdomo wa kumwomba. Jumatano, saa kumi na mbili na nusu za asubuhi, nilikuwa ninapanga mifuko ya watoto, nikamwona anakuja na mtoto wake amevaa sare. Hakunisalimia. Alisimama mbele ya gari, akagonga kifuniko kwa kidole.

— Fungua nione mafuta.

Nikafungua. Akainamisha kichwa ndani, akatazama muda mrefu, akapitisha kidole kwenye alama ya juu. Halafu akamwambia mtoto aingie nyuma, katikati.